Meli moja, kazi tatu: Manowari ndogo za Marekani zilivyogeuka somo la gharama

AGOSTI 14, 2023, katika kambi ya wanamaji ya Mayport, jimbo la Florida, bendera ya manowari USS Sioux City ilishushwa kwa mara ya mwisho. Meli hiyo ilikuwa imeingizwa kazini Novemba 2018. Haikutimiza hata miaka mitano, ilhali meli za aina yake zilibuniwa zifanye kazi kwa miaka 25.

Kwa mwenye lori la kubeba mahindi kupitia Malaba, hiyo ni sawa na kununua gari jipya kwa mkopo mkubwa, kisha kuliegesha kabla matairi ya kwanza hayajaisha.

Mtu anaweza kusema kuwa hayo ni mambo ya Wamarekani na kodi zao. Lakini mwaka mmoja kabla ya kustaafishwa, Sioux City ilipita Mfereji wa Suez, ikafika Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, ikiwa manowari ya kwanza ya aina yake kufanya kazi katika maji hayo. Ndiyo njia ambayo kahawa ya Uganda na Rwanda iliyopakiwa Mombasa au Dar es Salaam hupita kwenda Ulaya. Ndiyo njia ambayo mitumba kutoka Ulaya na mashine kutoka Uturuki huja kwenye masoko ya Kampala, Kigali na Bujumbura.

Njia hiyo ikiwa salama, hakuna anayeizungumzia. Ikiingia hatari, bei hubadilika hadi kwenye kibanda cha sokoni kilicho kilomita elfu moja na zaidi kutoka baharini. Kwa hiyo, aina ya meli zinazolinda maji hayo, na kama zinaweza kazi zilizopewa, ni jambo linalomhusu pia mtu asiyewahi kuiona bahari.

Hofu iliyoanzia bandari ya Aden

Oktoba 12, 2000, manowari ya Marekani iitwayo USS Cole ilikuwa imetia nanga katika bandari ya Aden, Yemen, ikijaza mafuta. Boti dogo lililojaa vilipuzi lilisogea ubavuni mwake na kulipuka. Mabaharia 17 waliuawa.

Cole ilikuwa meli ya kisasa, yenye makombora na mitambo ya rada iliyotengenezwa kupigana katika bahari kuu. Watu wawili ndani ya boti dogo waliitoboa ikiwa bandarini.

Hata kabla ya tukio hilo, maofisa kadhaa wa jeshi la wanamaji la Marekani walikuwa wakihoji mwelekeo wa meli zao. Miongoni mwao alikuwa Admirali Arthur Cebrowski, aliyetetea wazo la kuwa na meli nyingi ndogo, za kasi na za bei nafuu badala ya kutegemea chache zilizo kubwa na ghali. Vita vya baadaye, walisema, vitakuwa karibu na nchi kavu: kwenye milango ya bandari, kati ya visiwa, katika mikondo myembamba ambamo meli za mizigo na boti za uvuvi hupita pamoja.

Maji ya namna hiyo yana hatari tatu kuu. Ya kwanza ni boti za kasi zinazoshambulia kwa wingi. Ya pili ni nyambizi ndogo zinazojificha kwenye maji yasiyo na kina kirefu. Ya tatu ni mabomu yanayotegwa majini, silaha ya bei rahisi inayoweza kufunga bandari nzima.

Novemba 2001, Marekani ilitangaza mpango wa kujenga aina mpya ya manowari kwa ajili ya maji ya pwani. Mwaka 2004 kampuni mbili, Lockheed Martin na General Dynamics, zilipewa mikataba ya kujenga meli za mfano.

Makasha ya kubadilishana

Kiini cha mpango huo kilikuwa wazo linaloeleweka na kila mtu anayeishi kwa biashara ya makontena. Meli yenyewe ingekuwa kama lori tupu. Silaha na mitambo ya kila kazi ingefungwa katika vifurushi vyake, kila kimoja na vifaa, helikopta au droni na wataalamu wake. Leo meli ikihitajika kupambana na boti za kasi, inafungwa kifurushi cha boti. Kesho ikihitajika kutegua mabomu, inarudi bandarini, kifurushi cha kwanza kinashushwa na cha pili kinapakiwa. Kazi hiyo ilitarajiwa kuchukua siku chache tu.

Kwa njia hiyo, meli moja ingefanya kazi za meli tatu. Mabaharia wa kudumu wangekuwa 40 tu. Kasi ingezidi maili 40 za baharini kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 74 kwa saa, karibu sawa na basi la abiria barabarani. Meli isingehitaji maji ya kina kinachozidi mita tano, wakati manowari za daraja la Cole huhitaji zaidi ya mita tisa. Na bei ya kila meli ingekuwa takriban dola milioni 220.

Kwenye karatasi, ilikuwa biashara nzuri.

Miundo miwili ilijengwa. Ule wa kwanza, wa USS Freedom, ulijengwa Marinette, jimbo la Wisconsin: meli yenye tumbo la chuma na urefu wa mita 115 hivi. Wa pili, wa USS Independence, ulijengwa Mobile, jimbo la Alabama: meli ya alumini yenye urefu wa mita 127, na matumbo matatu yanayokaa majini sambamba, mfano wa ngalawa yenye matengo yake mawili. Freedom ilianza kazi mwaka 2008, Independence mwaka 2010.

Mpango wa awali ulikuwa kulinganisha miundo hiyo na kuchagua mmoja. Mwisho wa mwaka 2010 Bunge la Marekani liliruhusu yote miwili inunuliwe. Ajira za Wisconsin zikabaki na ajira za Alabama zikabaki. Lakini jeshi likajikuta na aina mbili za meli zisizofanana kwa injini, vipuri wala mafunzo ya mabaharia. Mwenye kampuni ya mabasi aliyewahi kuchanganya magari ya aina mbili katika yadi moja anajua maana yake: stoo mbili za vipuri na mafundi wa aina mbili.

Bei ilivyopaa

Ile dola milioni 220 haikufikiwa kamwe. Kila moja ya meli mbili za kwanza iliishia kugharimu zaidi ya dola milioni 500. Zilizofuata zilishuka bei kiasi, lakini hakuna iliyorudi kwenye ahadi ya mwanzo.

Sababu si moja. Ujenzi ulianza kabla michoro haijakamilika, kwa hiyo sehemu zilizokuwa zimekwisha kujengwa zilibomolewa na kurudiwa. Masharti ya usalama wa meli za kivita yaliongezwa wakati kazi ikiendelea. Ile kasi kubwa nayo ilidai injini kubwa zilizokula nafasi, mafuta na fedha.

Hesabu ya meli ikapunguzwa. Lengo lilikuwa 55. Miaka ilivyopita, mipango ikabadilika mara kadhaa, na mwishowe zikaagizwa 35: 16 za muundo wa Freedom na 19 za muundo wa Independence.

Na vile vifurushi vya kazi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa moyo wa mpango, vilichelewa kuliko meli zenyewe. Kwa miaka kadhaa meli zilikuwa majini zikiwa na mzinga mmoja wa milimita 57 mbele, makombora ya kujikinga na ndege na makombora, na nafasi kubwa tupu ilipotakiwa kuwa na mitambo. Lori lilikuwepo, mzigo haukuwepo.

Mwaka 2016 jeshi hilo lilifanya tathmini na kuachana na wazo la kubadilisha vifurushi kila mara. Kila meli ikapewa kazi moja ya kudumu. Mwaka 2022 kifurushi cha kuwinda nyambizi kilifutwa kabisa kabla ya kuwahi kuwa tayari. Cha kutegua mabomu ya majini kilitangazwa kuwa tayari mwaka 2023, miaka 15 baada ya meli ya kwanza kuanza kazi.

Giaboksi, kutu na nyufa

Matatizo makubwa ya meli hizi hayakutoka kwa adui. Yalitoka kwenye vitu ambavyo fundi yeyote wa gereji anavielewa.

Meli za muundo wa Freedom zina injini za aina mbili. Za dizeli hutumika kwa mwendo wa kawaida, na za gesi, zinazofanana na za ndege kubwa, huongezwa panapohitajika kasi. Nguvu za injini hizo huunganishwa na giaboksi tata. Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu.

Desemba 2015, USS Milwaukee iliharibika ikiwa safarini, chini ya mwezi mmoja tangu iingizwe kazini. Klachi haikuachia inavyopaswa na chembe za chuma zikaingia kwenye mafuta ya kulainishia. Meli mpya ikavutwa hadi bandarini. Mwezi uliofuata, USS Fort Worth ilipata hasara ikiwa bandarini Singapore: gia zake ziliendeshwa bila mafuta ya kulainishia ya kutosha wakati wa majaribio, kosa la wahudumu waliokuwa kazini.

Ilipofika Januari 2021, jeshi lilikataa kupokea meli nyingine za muundo huo hadi kasoro ya giaboksi irekebishwe. Sioux City ilikuwa miongoni mwa zile zilizojengwa na giaboksi ya zamani.

Ndugu zao wa alumini walikuwa na shida nyingine. Alumini na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi, alumini huliwa. Wavuvi na mafundi wa boti wanalijua hilo, ndiyo maana hufunga vipande vya zinki chini ya chombo ili viliwe badala ya chombo chenyewe. Mwaka 2011 iligunduliwa kuwa USS Independence ilikuwa ikiliwa kwa namna hiyo karibu na mitambo yake ya kuisukuma. Kinga ikaongezwa baadaye. Kisha mwaka 2022 ikafichuka kuwa baadhi ya meli za muundo huo zilikuwa zimepata nyufa, na zikawekewa masharti ya kupunguza mwendo bahari inapochafuka. Chombo kilichonunuliwa kwa sababu ya kasi kikaambiwa kiende polepole.

Suala la mabaharia 40 nalo halikudumu. Kwenye meli yenye watu wachache, kila mmoja hubeba kazi tatu au nne: zamu ya usukani, usafi, jiko, matengenezo. Wakaongezwa hadi 50, kisha zaidi. Tena, matengenezo mengi yalitegemea mafundi wa kampuni binafsi badala ya mabaharia wenyewe, hivyo meli ikiwa ng'ambo ilibidi mafundi wasafirishwe kuifuata. Ni kama kununua lori ambalo hata kubadilisha mkanda wa injini lazima umlete fundi wa kampuni kutoka nchi nyingine.

Mwaka 2021 Independence na Freedom, zile za kwanza kabisa, ziliondolewa kazini. Nyingine zikafuata, Sioux City ikiwamo.

Walioanza na bahari yao

Je, manowari ndogo ya pwani ni wazo baya? Mfano wa Sweden unaonyesha kuwa sivyo.

Sweden ina bahari moja inayoisumbua: Baltiki. Ni bahari yenye maji mafupi, visiwa vingi na mawe mengi, ambamo nyambizi za wageni zimekuwa hofu kwa miongo mingi. Kwa bahari hiyo, Wasweden walijenga meli tano za daraja la Visby. Kila moja ina urefu wa mita 73 hivi na uzito wa tani 640 tu, chini ya robo ya uzito wa manowari za pwani za Marekani. Haihitaji maji ya kina cha mita tatu. Imetengenezwa kwa nyuzi za kaboni, si chuma, hivyo haishiki kutu na ni ngumu kuonekana kwenye rada. Mabaharia wake ni 43.

Nazo hazikukosa kuchelewa. Visby ya kwanza ilishushwa majini mwaka 2000, lakini meli za kwanza za daraja hilo zilikabidhiwa zikiwa tayari kwa kazi mwaka 2009, na ya sita iliyopangwa ikafutwa. Tofauti ni kwamba Sweden haikuzitarajia kuvuka bahari kuu kwa kasi ya ajabu na kufanya kazi za dunia nzima. Ilijua maji yatakayotumika, ikajua adui, ndipo ikachora meli.

Zipo meli za Sweden zilizo ndogo kuliko hizo ambazo zimewahi kufanya kazi karibu na Afrika Mashariki. Mwaka 2009 nchi hiyo ilituma Stockholm na Malmö, zenye urefu wa mita 50 hivi, kwenye kikosi cha Umoja wa Ulaya cha kupambana na maharamia wa Somalia. Meli ndogo kama hizo haziwezi kubeba mafuta na chakula cha safari ndefu, kwa hiyo ziliambatana na meli ya huduma iitwayo Trossö. Hakuna aliyejidai kwamba zinaweza kujitegemea. Ziliongezewa kilichopungua, zikafanya kazi.

Bei ya bahari isiyolindwa

Miaka ile ya maharamia ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi usalama wa bahari unavyofika sokoni.

Septemba 2008, meli ya MV Faina iliyokuwa ikielekea Mombasa ikiwa na vifaru 33 ilitekwa. Miezi miwili baadaye, meli kubwa ya mafuta ya Saudi Arabia, Sirius Star, ilitekwa mamia ya maili kusini-mashariki mwa Mombasa. Aprili 2009 ilikuwa zamu ya Maersk Alabama, nayo ikielekea Mombasa, ikiwa na chakula cha msaada katika shehena yake. Mwaka huohuo Kenya ilikubaliana na Umoja wa Ulaya kupokea watuhumiwa, na kesi zao zikasikilizwa Mombasa.

Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2013 kwamba uharamia wa Somalia ulikuwa ukiugharimu uchumi wa dunia dola bilioni 18 kwa mwaka. Fedha za kikombozi zilikuwa sehemu ndogo tu. Kubwa zaidi lilikuwa bima, mafuta ya kukimbiza meli kwa kasi, njia ndefu za kukwepa na walinzi wa kukodi.

Mzigo huo unamfikia mfanyabiashara kwa njia ambayo wengi hawaioni. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru wa forodha wa mzigo uliokuja kwa meli haukokotolewi kwa bei ya bidhaa peke yake. Hukokotolewa kwa bei ya bidhaa, ikijumlishwa na bima na nauli ya meli hadi bandarini. Chukua mfano wa mzigo ulionunuliwa kwa dola 10,000, ukiwa na nauli na bima ya dola 2,000. Kwa kiwango cha asilimia 25, ushuru wake ni dola 3,000. Nauli na bima zikipanda hadi dola 4,000, ushuru unakuwa dola 3,500. Bidhaa ni ileile, kiwango cha ushuru ni kilekile, lakini mwenye mzigo amelipa mara mbili: kwanza kwa mwenye meli, kisha kwa forodha. Kodi ya ongezeko la thamani nayo hupanda juu ya hapo.

Uharamia ulipungua sana baada ya mwaka 2012. Manowari za nchi nyingi zilichangia, lakini hazikuwa peke yake. Meli za mizigo ziliweka walinzi wenye silaha na seng'enge, watuhumiwa walishtakiwa, na hali ya nchi kavu nchini Somalia ilianza kubadilika. Januari 2023 mashirika ya usafirishaji yaliondoa rasmi eneo hilo kwenye orodha ya maji yenye hatari kubwa.

Nchi za ukanda huu nazo zina meli zao za kiasi. Kenya ilipokea KNS Nyayo na KNS Umoja mwaka 1988, zenye urefu usiofika mita 60. Zilipochoka hazikutupwa. Zilipelekwa Italia kukarabatiwa na kurudi Mombasa mwaka 2011, zikiwa zimeshafanya kazi zaidi ya miaka 20. KNS Jasiri, kwa upande mwingine, ilishushwa majini Uhispania mwaka 2005 lakini ilifika Mombasa mwaka 2012 kwa sababu ya mvutano kuhusu mkataba na malipo yake. Kwa miaka saba, katika kipindi kilekile maharamia walipokuwa wakiteka meli, chombo kilichonunuliwa kulinda pwani kilikuwa ng'ambo.

Kazi moja iliyobaki

Novemba 2023 hatari ilirudi, safari hii kutoka Yemen. Wapiganaji wa Houthi waliiteka meli ya Galaxy Leader, kisha wakaanza kushambulia meli za mizigo kwa makombora na droni. Kampuni kubwa za meli ziliacha Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini. Safari kati ya Ulaya na Asia ikaongezeka siku kumi na zaidi, na tozo za hatari ya vita zikaonekana tena kwenye ankara. Maharamia wa Somalia nao wakapata mwanya. Desemba 2023 waliiteka MV Ruen, na Machi 2024 wakaiteka MV Abdullah iliyokuwa imebeba makaa ya mawe kutoka Maputo.

Katika hali hiyo, manowari ndogo za Marekani zilionekana tena. Septemba 2024, USS Indianapolis, ya muundo uleule wa Sioux City, ilipita mlango wa Bab el-Mandeb pamoja na manowari kubwa mbili, Stockdale na Spruance. Zilishambuliwa kwa makombora na droni, na hakuna iliyopigwa. Lakini kazi ngumu ya kudungua makombora katika bahari hiyo ilibebwa na manowari kubwa, zile za daraja la Cole. Meli ndogo ilikuwapo, ikiwa na wakubwa wake.

Mahali ambapo meli hizi zinaweza kuonyesha faida yake ni kaskazini zaidi, Ghuba ya Uajemi. Mei 2025, USS Canberra, ya muundo wa alumini, ilifika Bahrain ikiwa na kifurushi cha kutegua mabomu ya majini. Ilikuja kuchukua nafasi ya meli za zamani za mbao zilizofanya kazi hiyo tangu karne iliyopita. Badala ya kuingia yenyewe kwenye maji yaliyotegwa, hutuma helikopta na boti lisilo na mtu kutafuta mabomu.

Hapo ndipo Mlango wa Hormuz ulipo, na hofu ya mabomu si ya kubuni. Aprili 1988, wakati wa vita vya Iran na Iraq, manowari ya Marekani Samuel B. Roberts iligonga bomu lililotegwa katika ghuba hiyo na ikanusurika kuzama.

Dizeli nyingi inayoingia Mombasa hutoka katika ghuba hiyo. Tangu mwaka 2023 Kenya huagiza mafuta kwa mkataba wa kiserikali na kampuni za Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu, na sehemu kubwa ya mafuta ya Uganda hupita Kenya. Lori linalobeba maharage, samaki au saruji kuvuka Busia au Malaba linatembea kwa dizeli hiyo. Cheti cha uasili kinaweza kuyaondolea maharage ya Uganda ushuru wa forodha. Hakiwezi kuyaondolea bei ya mafuta ya lori.

Anachoweza kufanya mwenye mzigo

Mfanyabiashara hawezi kuchagua manowari itakayolinda njia ya mzigo wake. Anaweza, hata hivyo, kuuliza maswali kabla ya kulipa. Je, bei aliyopewa na muuzaji wa ng'ambo inajumuisha nauli na bima, au vitaongezwa baadaye? Meli itapita Suez au itazunguka Afrika Kusini? Tozo ya hatari ya vita imeandikwa kwenye ankara, na inahusu njia ambayo meli imepita kweli? Mzigo unaotoka India, China au Dubai kuja Mombasa au Dar es Salaam haupiti Bahari ya Shamu kabisa, na mwenye mzigo ana haki ya kuuliza kwa nini anatozwa kana kwamba umepita huko. Wakala mzuri wa forodha huyajibu hayo kabla kontena halijapakiwa.

Kwa serikali za ukanda huu, ambazo zitaendelea kununua boti na meli za doria za baharini na za maziwa makuu, maswali hayatofautiani sana. Chombo hiki ni cha maji gani? Kitafanya kazi ipi hasa? Nani atakitengeneza kikiharibika, na vipuri vitatoka wapi?

Marekani, kwa utajiri wake wote, iliyajibu maswali hayo ikiwa imechelewa. Ilitaka chombo kimoja cha kazi tatu, ikalipa zaidi ya mara mbili, na baada ya miaka 15 ikarudi kwenye kazi moja kwa kila meli. Wazee walikwisha sema, mshika mbili moja humponyoka. Aliyeshika tatu alibaki na giaboksi mbovu huko Mayport, na meli ya kutegua mabomu huko Bahrain, ambayo wenye malori ya Malaba wana sababu ya kuiombea iweze kazi yake.